Skrubu Nne za Garama Katana

Garama Katana alikuwa fundi wa mageti Changamwe, upande wa Airport, mahali ambapo ndege ikipita mtu hukatiza maneno, akangoja, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Kwa miaka thelathini aliwachomelea watu simba na tausi kwenye mageti yao. Tausi wake walifanana na kuku walioshtuka, naye alijua. Wateja hawakulalamika, aliyeumia ni yeye.

Ndiyo maana ile bunduki ikamponza.

Aliikuta ndani ya sanduku la marehemu babu yake huko Kaloleni, nyumba ya zamani ilipobomolewa. Enzi za ukoloni babu alikuwa msoma nyayo wa mwindaji mmoja Mzungu, akamwokoa na pembe za nyati. Mzungu alipohama nchi alimwachia bunduki yake, iliyoundwa Uingereza kwa vipimo vya mkono wake, na kitakoni ikatiwa kibati cha fedha chenye maandishi GARAMA KATANA. Risasi hakumwachia. Shukrani nayo ina mipaka.

Ubavuni, juu ya chuma, alichongwa choroa, yule swala wa pembe ndefu, amegeuza shingo. Aliyemchonga pengine hakuwahi kumwona choroa maishani, lakini kope zilihesabika. Garama alimtazama kwa miwani, kisha bila miwani, kisha akamwita mkewe.

"Hicho kitu kitatumaliza, Baba Faith, na wala hakina risasi," Nyamvula alisema. "Katupe mikokoni."

"Nakipeleka polisi. Chifu katangaza barazani, anayesalimisha silaha haulizwi swali."

"Basi kitoe kibati. Kina jina lako."

"La babu."

"Na wewe waitwa nani?"

Kwao majina hupokezana. Garama Katana alimzaa Katana Garama, naye Katana Garama akamzaa Garama Katana, na ukoo ukajiona umemaliza kazi.

Akachukua bisibisi. Kibati kilishikwa na skrubu nne ndogo, na mikato ya vichwa vyake yote ilielekea upande mmoja, sambamba na mtutu. Yaani mtu alizikaza, hakuridhika, akazirudia moja moja hadi zikalingana, kwa kazi ambayo hakuna mtu angeitazama. Bisibisi ya Garama ilikuwa ya mageti, nene. Akaishusha.

"Nitazichubua," alisema.

"Zichubue!"

Hakuzichubua.

Kituoni hakuulizwa swali, ila moja tu: kitambulisho. Afande alikisoma, akasoma kibati, akarudia kitambulisho.

"Mzee, msamaha ni wa bunduki zisizo na mwenyewe. Hii inaye."

"Afande, huyo ni babu yangu."

"Leta kitambulisho cha babu."

Babu alikufa kabla nchi haijapata uhuru. Garama alikaa rumande miezi saba. Nyamvula aliuza mashine ya kuchomelea, na geti la mteja wa mwisho likabaki na tausi asiye na kichwa.

Siku ya kesi, karani alisoma shtaka: bunduki yenye kibati cha fedha chenye jina la mshtakiwa. Kisha kielelezo kikaletwa, na kibati hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na matundu manne na mikwaruzo ya mtu mwenye haraka. Mwendesha mashtaka alikohoa. Hakimu alivua miwani. Nyamvula, benchi la nyuma, alielewa upesi kuliko wote: bila jina, bunduki hii ni ya yeyote. Akamkodolea mumewe macho, akitikisa kichwa polepole, sema siyo, sema siyo.

"Mshtakiwa," hakimu aliuliza, "unaitambua bunduki hii?"

Ndege ikapita juu. Mahakama nzima ikangoja. Garama alikuwa ameinama juu ya kitako, kidole kikipapasa mti uliochanika pale skrubu ilipong'olewa.

"Ndiyo yenyewe, mheshimiwa," alisema, sauti ikimtetemeka kwa hasira. "Nani kaiharibu hivi?"

Karani akaandika sehemu ya kwanza ya jibu. Ya pili haikuhusu kesi.