Kifurushi cha Sawan Nilichokirudisha

Kwarr, kwarr, kwarr.

Hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha kila alfajiri tangu niolewe kijijini Kot Sarwan. Mama mkwe wangu, Bachan Kaur, alikuwa akisukasuka mtindi kwa kamba inayozungusha mti ndani ya mtungi.

Hakuwahi kuiachia kamba ile kabla siagi haijaelea. Hata alfajiri aliyofiwa na mumewe, alimaliza kwanza.

Siku moja sauti ilikatika ghafla.

Nilikimbilia uani nikidhani ameanguka. Nikamkuta kashika kamba, macho langoni.

"Ah, mke wa mwanangu! Leo umeamka mwenyewe, bila kumwagiwa maji?" Alinitania kama kawaida, lakini hakunitazama. "Kuna mgeni. Nenda kamsikilize."

Langoni alisimama mzee wa Kiislamu, kofia imelowa mvua. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Pakistani, akalala kwenye hekalu letu sisi Masingasinga. Walimpa mkate na blanketi, wala hawakumuuliza dini yake.

"Binti yangu, namtafuta Hajra, mtoto wa fundi rangi za nguo. Tulikaa jirani na kisima hiki."

"Baba, mwaka ule nchi ilipogawanywa ikazaliwa Pakistani, Waislamu wote wa hapa waliondoka. Wanawake wa mtaa huu nawajua mmoja mmoja. Hajra hayupo."

Sikudanganya. Nilisema nilichokijua.

Mama mkwe akaja na bilauri ya mtindi, kajifunika ushungi mpaka kidevuni. Nikashangaa. Kwetu mwanamke huwaficha uso wakubwa wa kiume wa ukweni, na wa kwake wote walishakufa. Sasa anamficha nani?

Mzee alipokea bilauri. Akautazama mkono uliompa, na lile kovu la kuungua ambalo siku zote mama alituambia ni la tanuri.

Akanywa taratibu, mpaka tone la mwisho. Akaweka kiganja juu ya ushungi wa mama, kichwani, kama wakubwa wanavyobariki. Kisha akaondoka. Mama naye akaingia ndani.

Kwenye kibaraza cha lango kulikuwa na kifurushi. Biskuti, na kitambaa cha njano.

Ulikuwa mwezi wa Sawan, mvua zimeshika. Mwezi huo kaka humpelekea dada yake aliyeolewa biskuti na nguo. Wangu alikuwa ameleta juzi. Mama mkwe hakuwahi kuletewa. Alisema kwao walikufa wote.

Sikuunganisha. Mzee Mwislamu na Bachan Kaur, ningeunganisha vipi?

Nikakichukua, nikakimbia kwenye matope mpaka kituo cha basi.

"Baba! Umesahau mzigo wako!"

Aligeuka, mguu mmoja uko kwenye ngazi ya basi.

"Amekutuma yeye?"

Nilimwonea huruma. Sikutaka aone haya kwa usahaulifu wake.

"Ndiyo, baba. Amesema uchukue, safari ni ndefu."

Alikipokea kwa mikono miwili.

"Mwambie nimeelewa. Simlaumu."

Nilirudi nyumbani nikijiona mwema.

"Kifurushi kiko wapi?" Mama alikuwa langoni, ushungi umeanguka, uso umelowa.

"Nimemrudishia mwenyewe, mama. Alikuwa amesahau."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliketi pale pale penye matope.

"Yule ni kaka yangu, Nazir. Hajra ni mimi."

Akanisimulia. Msafara wa kwao ulipoondoka alikuwa na miaka kumi na minne, homa imemlaza. Katika vurugu akaachwa. Jirani Msingasinga alimficha ndani ya ghala la udongo la ngano, akamnywesha maji kwa kijiko siku tisa. Akampa jina jipya. Baadaye akamwoza kwa mwanawe. Wote waliojua walikuwa wameshakufa na siri hiyo.

"Kwa nini hukusema neno, mama?"

"Wifi yako Nimmo anaolewa baridi ikianza. Wakwe zake wakijua mama yake alizaliwa Mwislamu, watamwacha mwanangu. Nikasema, nikinyamaza atanitambua tu. Na alinitambua, binti yangu, kwa kovu hili la sufuria ya rangi ya baba. Aliniachia Sawan yangu."

Kwetu dada anayerudisha kifurushi hicho anamwambia kaka yake: sikutambui tena.

Nilikimbia tena kituoni. Basi lilishaondoka. Anwani hakuacha.

Nimmo aliolewa vizuri. Mama aliishi miaka kumi na moja zaidi. Kila Sawan lango halikufungwa, na kila sauti ya mwanamume ikipita njiani, kamba ilisimama.

Hakuwahi kunilaumu. Siku nyingine siagi ya kwanza aliniwekea mimi.

Mpendwa, kabla hujamrudishia mtu kitu alichokiacha, uliza kwanza amemwachia nani. Na usimsemee mtu jambo ambalo hakukutuma. Nilisema "ndiyo" moja ya adabu, ikafanya kazi ambayo hata mpaka wa nchi mbili ulishindwa kuifanya: kuwatenga ndugu wawili.

Sasa mimi ndiye bibi, na mtindi nausuka mwenyewe.

Ukiwa wewe ni wa uzao wa Nazir, mtoto wa fundi rangi wa Kot Sarwan, lango ni lile lile, jirani na kisima. Njoo tena, mwanangu. Leta hata biskuti moja. Nitaipokea kwa mikono miwili.