Kinyozi Aliyependa Mji Wenye Ukuta

Urbain alikuwa kinyozi wa wastani, na upungufu huo aliuziba kwa dharau. Mteja aliyekaa kwenye kiti chake, ndani ya uchochoro wa maduka unaopenya kati ya mitaa miwili ya katikati ya Durban, alinyolewa pande zote mbili kwa kukadiria, huku akielezwa kwamba hapa alipo si mjini.

"Huu ni mkusanyiko," Urbain alisema. "Mji una ukuta."

Ukuta wenyewe ulikuwa umetundikwa juu ya kioo, mara nane. Zilikuwa picha za kale za Conwy, mji mdogo huko Wales, zilizochapwa enzi ambazo mchoraji akiona ng'ombe mmoja mtoni anaongeza watatu: ngome yenye minara minene ikitazamwa kutoka ng'ambo ya mto, ngome kutoka mlimani, lango, gati, daraja la minyororo, kisha ngome tena, endapo kuna aliyeisahau. Mama mmoja mzungu wa mtaa wa Berea, ambaye Urbain alimpakia nyumba rangi kabla hajaanza kunyoa watu, alikuwa anahamia makao ya wazee na hakuwa na pa kuziweka. Urbain alizichukua kwa ajili ya fremu. Alipozitundika akagundua kwamba yeye ni mtu wa kupenda vitu vizuri.

Tangu hapo Durban haikumridhisha. Alikuwa mtu wa Ruyigi, Burundi. Alikimbia vita, akapita kambini Tanzania, akaingia Afrika Kusini kwa njia ambazo hakupenda zitajwe, na waliofika baada yake kwa njia zilezile aliwaita "hawa watu". Soko la Warwick alilipita amekunja pua, ingawa ndiko alikonunua nyembe, mafuta ya nywele na chakula cha mchana. Uwanja mpya wa Kombe la Dunia, wenye tao kubwa juu yake, ambao wenzake waliupiga picha, aliuita kikapu chenye mkono.

Kero yake kubwa ilikuwa mdomoni mwa uchochoro. Pale, chini ya paa, walikaa wasusi wanne kwenye viti vya plastiki, na mmoja wao alikuwa Lyse, mdogo wa mke wake. Urbain alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wenye maduka, cheo alichokipata kwa sababu wengine walikuwa na kazi. Akapendekeza lango la chuma na mlinzi, wasusi wakae nje. Kamati ikakubali ili kikao kiishe.

Lyse alimfuata dukani.

"Shemeji, nasikia unanifungia nje."

"Si wewe. Ni mpangilio."

"Huyo mpangilio hakai pale. Ninayekaa ni mimi. Mvua ikinyesha nitasuka wapi, nitawasukia wateja kwenye teksi?"

"Tazama ile picha, Lyse. Unaona mtu amekaa langoni anasuka?"

Lyse aliitazama kwa muda. "Naona ng'ombe."

Juni 2014 timu ya ragbi ya Wales ilikuja kucheza Durban, na mashabiki wakatawanyika mjini na jezi nyekundu, na shingo zilizoelekea kufanana nazo. Mmoja akaingia kwa Urbain kunyolewa. Urbain hakuamini bahati yake. Kiingereza chake kilikuwa cha bei na samahani tu, kwa hiyo alimwomba Omwenga, Mkenya wa chuo kikuu aliyekuwa akingoja zamu, amtafsirie.

"Mwambie mji wao naujua wote. Mwambie na sisi hapa tunaweka lango."

Mgeni akainua macho kwenye picha, akasema maneno machache.

"Anasema yeye ni wa kusini, huko hajawahi kufika," Omwenga alisema. "Anasema hiyo ngome aliijenga mfalme wa Waingereza baada ya kuwapiga wao. Ukuta ulikuwa wa kulinda Waingereza aliowaleta. Wenyeji, yaani mababu zake huyu, walikatazwa kukaa ndani na kufanya biashara."

"Wenyeji walikuwa nje?"

"Nje. Sasa wewe, Mzee Urbain, ungekuwa upande gani?"

"Ningekuwa kinyozi wa mfalme. Mfalme lazima anyolewe."

Omwenga aliutazama upande wa kushoto wa kichwa cha mgeni, ambao ulikuwa umeanza kuachana na wa kulia. "Eish," akasema. "Mara moja tu."

Mtu mwingine angeyumba. Urbain alizidi kuimarika. Mji uliothubutu kuwafungia nje wenye nchi ulikuwa na mpangilio kuliko hata alivyodhani. Mwezi uliofuata lango likawekwa, pamoja na mlinzi wa kumuuliza kila mtu anakwenda wapi.

Watu wa Durban hawapendi kuulizwa wanakokwenda. Walifika langoni, wakamkuta Lyse kando ya barabara, chini ya mwavuli mkubwa, wakamuuliza kama ndani kuna wanaonyoa.

"Wako," aliwajibu, "lakini kwanza mtahojiwa."

Kwa kuwa ilikuwa kweli, hakuhitaji kuongeza. Mkongomani mmoja mwenye mashine ya betri akaja kukaa karibu naye. Fundi wa simu akatoa meza yake nje, kisha muuza viatu, kisha wengine. Kufikia Septemba uchochoro ulibaki na lango, mlinzi na Urbain, akilindwa vizuri kabisa. Kiti chake kilishinda bila mtu. Jioni alimweleza mke wake, Sonia, kwamba watu hawajazoea ustaarabu. Sonia akamuuliza watoto watakula huo ustaarabu na mboga gani. Mwenye jengo naye akaanza kupita mwenyewe kudai kodi.

Jumatatu moja Urbain alitoka amebeba kiti chake. Lyse alikuwa katikati ya kichwa cha mtu na hakuinua uso.

"Nafasi iko?"

"Iko. Kule mwisho, baada ya huyu wa betri."

"Lyse, mimi ni shemeji yako."

"Ndiyo maana iko."

Akaenda kule mwisho, kwenye jua, akaweka kiti. Saa nzima ikapita ndipo alipopata mteja. Urbain alimfunga kitambaa shingoni, akaelekeza wembe ng'ambo ya barabara, walikokaa wauza ndizi, akamwambia kwamba hawa watu wa upande ule hawana mpangilio.