Mke wa Mtu Asiyetafutwa

"Serikali haitaendelea na shauri hili," Aden mkalimani alisema, akaikunja barua iliyotoka kwa wakili wa Serikali Nairobi.

Kaltun alikuwa amesimama mbele ya meza ya ofisa wa polisi, Mzungu kijana ambaye jua la Garissa lilikuwa limemchubua pua. Aliuliza, "Haitaendelea kwenda wapi? Ilianza lini kwenda?"

Ofisa alimtazama mkalimani wake. Aden akamwambia maneno machache ya Kiingereza, na yule Mzungu akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Hapo Kaltun akajua kwamba alilosema halikufika. Hakuna mtu ambaye angetabasamu kwa swali lile.

"Mwambie nilivyosema."

"Nimemwambia umeelewa," Aden alijibu kwa Kisomali, kwa sauti ya chini. "Nenda nyumbani, abaayo, dada yangu. Wakubwa wameshaamua."

Huo ulikuwa mwaka wa 1950. Kaltun alikuwa mwanamke wa Modogashe, muuza maziwa na chai penye njia panda ambapo malori ya kutoka Garissa, Isiolo na Wajir husimama kupoza injini. Wenye malori walimjua kwa ukali wake. Dereva aliyekunywa maziwa kisha akasema yamechachuka alirudishiwa kibuyu mikononi anuse tena mbele ya wenzake. Mumewe, Ahmednoor, alikuwa kinyume chake: mtu mpole, mrefu, mwenye mkono wa kushoto uliopinda tangu ngamia alipomwangusha utotoni. Alifanya kazi ya upakiaji kwenye lori la mfanyabiashara mmoja aitwaye Kulow, aliyenunua ngozi na mbuzi mpaka Diff mpakani.

Upole huo ulikuwa na kikomo. Siku moja mnadani Ahmednoor aliona kwenye mifugo ya Kulow ngamia wawili ambao alama zao zilikuwa zimechomwa upya juu ya alama za zamani. Alama ya zamani aliitambua. Ilikuwa ya mjomba wa Kaltun, ambaye ngamia wake waliibwa msimu wa kiangazi. Ahmednoor alilisema jambo hilo palepale, watu wakisikia, na akasema atalirudia barazani. Kulow alicheka. Juma lililofuata alimchukua safari ya Diff kuleta ngozi. Lori lilirudi na ngozi, na Kulow, na dereva. Ahmednoor hakuwemo.

"Alishuka Diff," Kulow alimwambia Kaltun, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya lori. "Akavuka mpaka. Labda ana mke mwingine upande ule. Wanaume ndio sisi."

Kaltun alimjibu kwamba Ahmednoor hangevuka mpaka akaacha viatu vyake vizuri nyumbani, na alikwenda polisi siku hiyohiyo. Ofisa aliandika. Baada ya muda akatumwa askari, na Aden wa kumtafsiria, hadi upande wa Wajir kuuliza wachungaji. Kisha kimya, miezi ikapita, mpaka barua ile.

Pale ofisini Aden alizisoma upesi sababu za wakili wa Serikali, kama mtu anayemeza dawa chungu. Maiti haikuonekana. Watu wa nchi hii huhamahama, na mpaka uko karibu. Shahidi aliyepatikana ni mmoja tu, mwanamke wa Kiborana aitwaye Qabale, aliyeliona lori likisimama na watu wakienda kisimani. Kwenda kisimani si kosa. Basi.

Kaltun alitoka kituoni amejifunika uso kwa mtandio. Wenzake waliokuwa wakimngoja walidhani analia. Halikumtoka chozi hata moja. Aliposimulia siku zile alipokuwa mzee, alisema kifua kilimwaka, na kilichomwasha zaidi ni neno moja: huhamahama. "Kana kwamba mume wangu ni mbuzi aliyepotea," alisema, "na hata mbuzi hutafutwa."

Alikwenda kwa kadhi. Kadhi alikuwa mtu mwema na alimwambia ukweli wa sheria: mume wako hajulikani yu hai au amekufa, kwa hiyo wewe ni mke wake mpaka yakini ipatikane. Hakuna eda, hakuna sala ya maiti, hakuna mirathi kwa binti zako. Kaltun alimshukuru kwa adabu. Nje, alimwambia dada yake Hinda, "Basi yakini nitaileta mwenyewe."

Alimwachia Hinda mabinti na biashara ya chai, akaomba nafasi juu ya mizigo ya lori la chumvi lililokuwa likienda Wajir, akaanza kumtafuta Qabale. Kiborana alikijua. Mama yake alikuwa akinunua samli kwa Waborana, na Kaltun alikuwa amecheza na watoto wao visimani. Aliuliza kila kambi, boma moja hadi jingine, na watu wakamwelekeza, na alipofika penye kambi, kambi ilikuwa imehama kufuata mvua. Ndiyo, watu huhama, alijisemea akiwa na hasira. Lakini wanaacha majivu, na wanaacha mtu wa kueleza walikokwenda. Anayetaka kumwona mtu humwona.

Alimkuta Qabale akikamua mbuzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, asiye na haraka. Walisalimiana salamu ndefu za kule: watu, mifugo, malisho, mvua. Kisha Kaltun akasema yeye ni mke wa mtu aliyepotea kwenye lori la Kulow.

Qabale aliweka chombo cha maziwa chini.

"Kwani hawajamtoa?" aliuliza.

"Kumtoa wapi?"

"Kisimani. Nilimwambia askari wa Serikali. Nilimwambia: wanaume wawili walimpiga yule mrefu kwa chuma, wakamfunga kamba, wakamtupa kwenye kisima cha zamani, kile kikavu, wakatia mawe na miiba. Nilikuwa nyuma ya vichaka na mbuzi zangu, nikaogopa. Mkalimani akasema vizuri, vizuri, tumesikia. Nikajua wamekwenda kumtoa. Mimi nimekuwa nikimwombea kama mtu aliyezikwa."

Kaltun alikaa chini mchangani. Huyo mkalimani alikuwa Aden. Kiborana cha Aden kilikuwa cha sokoni: maji, mbuzi, bei, njoo. Alisikia lori, akasikia wanaume, akasikia kisima, na kwa kuona haya kusema hajaelewa, yaliyobaki akayajaza mwenyewe. Walikwenda kisimani. Kwa neno hilo mumewe alikuwa amelala chini ya mawe mwaka mzima, na wakili aliyekaa penye kivuli Nairobi aliandika kwamba watu wa nchi hii huhamahama.

Qabale alimpeleka hadi pale. Kisima kilikuwa mbali kidogo na barabara, na miiba iliyojazwa mdomoni ilikuwa imekauka ikawa myeupe. Wanaume wawili wa kambi walikuja na majembe bila kuombwa. Mmoja wao, mzee aitwaye Dida, alisema, "Dada, ngoja mbali. Tutamtoa, umzike leo."

Hakuna ambaye angemlaumu kama angekubali. Alikuwa na haki hiyo, na dini inahimiza maiti isicheleweshwe. Kaltun alishika mpini wa jembe la Dida.

"Mkimtoa nyinyi," alisema, "watasema tumemtia sisi. Watasema mwanamke alitafuta mifupa akaja nayo. Akae humo. Serikali iliyosema hayupo ije imtoe kwa mikono yake."

Kisha akageuka akaondoka, kwa sababu alijua akisimama kidogo zaidi ataichimba ile ardhi kwa kucha.

Habari zilimtangulia Modogashe. Aliporudi alikuta wazee wamekaa mbele ya nyumba yake, na pembeni ngamia wazuri wa maziwa wamefungwa miguu. Msemaji wao alikuwa Alio, amu yake Ahmednoor. Alisema kwa upole kwamba Kulow hakubali kosa lolote, ila anamwonea huruma mama na watoto, na kwa ajili ya amani ya koo mbili anatoa wanyama hawa.

"Adeer, amu yangu," Kaltun alisema, "Ahmednoor yu hai au amekufa?"

Mzee Alio alitazama fimbo yake. "Mungu ndiye ajuaye."

"Kulow amesema kwa polisi kwamba yu hai, amevuka mpaka. Kama yu hai, hawa ni ngamia wa damu ya nani? Na kama ni damu, aseme damu ya nani, na ilimwagika wapi, na nani aliimwaga. Akisema hivyo mbele ya watu, nitawapokea. Asiposema, waondoeni mlangoni kwangu kabla sijawafungua miguu waende porini."

"Wewe ni mwanamke peke yako, Kaltun. Serikali imeshakataa. Unataka nini tena?"

"Nataka ikatae ikiwa imesikia."

Wazee waliondoka na ngamia wao. Baadhi ya majirani waliacha kununua chai yake, maana Kulow alikuwa na ndugu wengi na lori lake ndilo lililoleta sukari. Hilo pia lilimtia hasira, na hasira ndiyo iliyompa nguvu ya kutembea. Ofisini alinyimwa pasi ya kutoka wilayani kwenda Nairobi. Mtu wa nchi ya mpakani hakwenda alikotaka siku zile. Lakini bwana mkubwa wa jimbo alikuwa Isiolo, na Isiolo iko ndani ya jimbo hilohilo, na maziwa na mbuzi huuzwa huko. Qabale aliitwa, akaja kutoka Wajir, amevaa shuka yake safi. Wakashika njia kwa miguu pamoja na wenye mifugo, ngamia mmoja akiwabebea maji.

Isiolo walikaa kwenye veranda ya ofisi siku baada ya siku. Karani alitoka kuwaambia kwamba shauri limefungwa na wakili wa Serikali, na bwana mkubwa hana uwezo juu ya wakili. Kaltun alijibu kwa Kiswahili chake cha njia panda, "Sitaki ahukumu. Nataka aandike. Mimi siruhusiwi kufika Nairobi, basi maneno yangu yafike."

Bwana mkubwa mwenyewe alitoka siku moja, labda kwa kuchoka kuwaona. Alikuwa mtu wa mvi na hakuwa na furaha. Kaltun alisimama.

"Bwana, nina ombi moja. Huyu mama alisema mbele ya Serikali, na Serikali ikaandika maneno mengine. Mpe mtu anayejua lugha yake. Asiwe wa kubahatisha."

Aliitwa askari wa Kiborana aitwaye Duba. Qabale alisema palepale verandani, polepole, bila kupandisha sauti. Duba alitafsiri sentensi moja moja. Alipofika kwenye kamba, bwana mkubwa alimsimamisha, akaamuru aulizwe tena. Qabale alisema vilevile. Akaulizwa mara ya tatu, na safari hii Kaltun alishindwa kuvumilia.

"Yeye unamuuliza mara tatu," alisema. "Kulow mlimuuliza mara ngapi?"

Duba alisita. Kaltun akamkazia macho. Duba akatafsiri, neno kwa neno, na Mzungu hakutabasamu. Alisema ataandika Nairobi siku hiyo kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kaltun aliomba asomewe barua kwa Kiswahili kabla ya kufungwa, na karani, akiwa amenuna, akaamriwa kumsomea.

Jibu lilipokuja, wakili wa Serikali alikuwa amebadili uamuzi. Hakuandika kwamba alikosea. Aliandika kwamba kumepatikana ushahidi mpya, ingawa ushahidi ulikuwa uleule wa mwanzo. Polisi walikwenda na majembe, Kaltun akiwa amesimama juu ya shimo. Walitoa miiba, wakatoa mawe, wakatoa mtu aliyefungwa kamba ya lori, mfupa wa mkono wake wa kushoto umepinda. Ofisa yule mwenye pua iliyochubuka alivua kofia, akasema kwa Kiswahili cha kujifunza, "Pole, mama."

"Ungekuja mwaka jana," Kaltun alimjibu.

Walimzika Modogashe. Aliswaliwa, na Kaltun akaingia eda kwa haki, na binti zake wakaandikwa yatima. Dereva alikamatwa akakiri, akafungwa miaka mingi. Kulow hakukamatwa. Habari kwamba faili imefunguliwa zilimfikia mapema, akavuka mpaka pale Diff kwa miguu, akiacha lori. Ule mwaka uliopotea ndio uliompa nafasi ya kuuza mifugo na kujitayarishia maisha upande wa pili, na hilo Kaltun hakulisamehe mpaka kufa kwake.

Ukoo wa Kulow ulirudi na ngamia. Safari hii msemaji wao alisimama mbele ya watu wote akataja jina la Ahmednoor, na kisima, na chuma. Kaltun aliwapokea kwa niaba ya binti zake, bila kushukuru. Mzee Alio alimwambia Kaltun kwamba sasa moyo wake utulie.

"Hautatulia, adeer," alisema, na akaenda kuwapeleka ngamia majini, maana walikuwa wametembea tangu alfajiri na walikuwa na kiu.