Koti la Karani, Mbwa wa Baba

Nakumbuka Jumapili moja ya masika, mwanangu, siku niliyompima mbwa wa baba yangu kwa futi ya fundi mbele ya majirani, nikiamini hakuna mtu pale wa kunifundisha kazi.

Nilikuwa na haki ya kuamini hivyo, usinicheke. Niliondoka nyumbani sina viatu, nikarudi kutoka Nairobi na diploma ya ushonaji niliyoitafuta kwa jasho langu, nikafungua duka mtaa wa Mukendo. Maofisa wa Musoma mjini walivaa suti zangu. Hata leo sijaona wa kunishinda kukata kola. Lakini mshoni hachagui nguo, na siku hiyo nguo iliyotakiwa ilikuwa ya mbwa.

Baba alikuwa amehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Butiama. Nyumba ilikuwa mpya, udongo haujakauka. Karani alikuwa amezeeka, manyoya yamempukutika mgongoni, akitetemeka kila mvua iliponyesha. Tulimwita Karani kwa sababu jioni alikaa mlangoni mwa zizi akiwatazama ng'ombe wakiingia mmoja mmoja, na ndama akikosekana, hatulii mpaka apatikane. Baba macho yalikuwa yameanza kufifia, na hakuwa na mchungaji mwingine. Akaniomba nimshonee mzee mwenzake koti na godoro.

Nikazungusha futi kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, nikaikaza. Nilitaka koti likae kama suti. Baba akapapasa ile futi, akasema, "Magesa, acha nafasi ya vidole viwili. Huyu analala, anakimbia, anakohoa."

Majirani wakacheka. Mmoja akauliza kama nitamfunga na tai. Kicheko kile kiliniuma, nikamjibu baba mbele yao: "Baba, mimi nina diploma. Wewe una vidole."

Nayaandika haya nikiwa na mvi, na bado naona aibu.

Godoro nililipima Karani akiwa amejikunja kwa baridi; sikusubiri ajinyooshe. Kitambaa cha marekani sikukiloweka kabla ya kukata, ingawa hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba pamba hurudi na kubana ikilowa. Vifungo vilikuwa adimu madukani miaka ile, kwa hiyo nilimvisha koti, nikalishona moja kwa moja chini ya tumbo. Nikapanda basi kurudi mjini.

Sikwenda tena mwezi mzima. Nilipofika, harufu ilinipokea kabla sijamwona. Koti lilikuwa limerudi kwa mvua, limezama kwapani, na vidonda vina funza. Miguu yake ya nyuma ilikuwa nje ya godoro, kwenye tope. Nikaukata mshono kwa mkasi. Kitambaa kikatoka na ngozi. Nikamuuliza baba kwa ukali, ukali ambao kwa kweli ulikuwa woga, kwa nini hakulivua.

"Alikuwaga analia kila akitaka kulala," akasema. "Kisu nilikishika mara mbili. Nikasema, mimi sijui kusoma, labda ndivyo linavyotakiwa likae. Niliogopa kuharibu kazi ya mwanangu msomi."

Karani alikufa siku ya tatu. Baba hakunikemea. Aliwapeleka ng'ombe wake kwa mjomba, kule Bunda, maana hakubaki wa kuwachunga. Na tangu siku hiyo mpaka tulipomzika, kila nilipomshauri jambo alinijibu neno moja tu: "Sawa. Wewe ndiye unayejua."

Mwanangu, ukimpima asiyeweza kusema, mpime amesimama, kisha mpime tena amelala kajinyoosha. Vidole viwili vipite kila mahali. Loweka kitambaa kabla ya mkasi. Ukimaliza, rudi baada ya siku mbili uone kazi yako inavyokaa, usingoje kuitwa. Na elimu yako, ambayo nakuombea iipite yangu, isimfanye mtu wa nyumbani kwako aogope kukuambia kwamba inaumiza. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka pamoja nami.

Mungu aibariki mikono yako, akupe sikio jepesi kuliko ulimi. Na wazazi wako wakubishie mpaka mwisho wa siku zao.