Nywele za Orpha

Mke wangu Rosine alipougua, kitu cha kwanza kumwacha kilikuwa nywele. Zilibaki kwenye mto kila asubuhi. Miezi mitatu baadaye tulimzika. Mimi sikusoma, lakini hesabu hiyo naijua.

Kwa hiyo nilipoona nywele kwenye ufagio, nyumba imebaki na watu wawili tu, mimi na binti yetu Orpha, niliuegemeza ufagio ukutani. Nilikaa chini.

Orpha ana miaka ishirini na sita. Anasuka nywele sokoni tangu akiwa msichana mdogo. Vidole vyake vinakimbia, na mdomo wake unakimbia kuliko vidole. Wanawake wanatoka Lubunga, wanavuka mto na pirogi, kumfuata yeye tu.

Siku ya kumaliza matanga ya mama yao, watoto wote walinyoa kichwa, kama desturi yetu ilivyo. Angèle, mdogo wake Rosine, ndiye alishika wembe. Zamu ya Orpha ilipofika, akakataa.

"Tantine, mususi bila nywele, nani atamupa kichwa yake?"

"Humunyolei mama yako?" Angèle akasema mbele ya watu wote. "Mubaya itakufuata."

Mimi baba sikumlazimisha. Ndiyo maana ufagio ule ulinitisha. Niliona ile mbaya imefika.

Nikaanza kumchunguza. Kitambaa hakitoki kichwani, hata akipika. Anafagia mwenyewe, haraka haraka. Anakula? Anakula. Anakohoa? Hakohoi. Mimi ndiye nilikuwa naacha lituma, ndizi zetu za kuponda, kwenye sahani.

Mchana mmoja nilikwenda nyuma ya nyumba kuchukua ndoo. Nikamkuta anaosha kichwa. Juu ya paji na juu ya masikio hakukuwa na nywele, ni ngozi yenye vidonda. Zilizobaki, kwenye shina zilikuwa nyeupe kama majivu. Nilimwona Rosine ameinama pale.

"Papa! Unatembea kama muzimu!"

"Tangu lini?"

"Nyeupe, miaka mbili. Kuanguka, tangu matanga."

"Unasikia maumivu? Homa?"

"Hapana, papa. Iko nywele tu."

Mama yake pia alisema hivyo hivyo.

Kesho yake tulichukua toleka mbili, baiskeli za abiria, kwenda kituo cha afya. Mwenye baiskeli ya kwanza akaona nywele nyeupe zilizotoka chini ya kitambaa.

"Aa, koko mwanaume na koko mwanamuke! Babu na bibi wangu, mujikamate vizuri!"

"Wewe kanyaga," Orpha akamjibu. "Mimi nywele imeanguka. Wewe itaanguka meno."

Yeye mwenyewe akacheka. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili.

Muuguzi aliitwa Josué, kijana mwenye sauti ya chini. Alimtazama macho, ulimi, akamtoa damu ya kupima. Akauliza anapaka nini. Orpha akatoa pakiti ya unga mweusi wa kuficha mvi. Anaupaka, anafunga sasheti ya plastiki juu, analala nayo mpaka asubuhi. Halafu anasuka juu yake, anakaza.

"Karatasi inasema dakika ngapi?"

"Karatasi iko ya Kichina."

"Bon." Josué akanigeukia. "Na wewe, papa, mvi yako ilianza lini?"

"Ni uzee."

"Lini?"

Nikaanza kuhesabu nyuma. Tangu tuoane, Rosine alininyoa kila Jumamosi, nimekaa kwenye kigoda, beseni miguuni. Nilidhani ndivyo alivyonipenda. Pale mbele ya Josué maneno yake ya mwaka wa kwanza yakanirudia: "Kaa nikunyoe, watu wasikuite koko kabla ya kuzaa." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu.

Nikamwambia. Josué akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Alors, papa, nyeupe ni wewe umemupa. Kuanguka ni hii dawa, na kukaza, na kilio. Anyoe yote. Asipake kitu, ni pomade ya vidonda tu."

"Na isipoota?"

"Mutarudi."

Damu, akasema, ni nzuri. Lakini kwa Rosine pia, mara ya kwanza, walisema nzuri.

Jumamosi nilitoa kigoda na wembe wa Rosine.

"Kaa."

Nikaanza kisogoni. Nilimkata mara moja, nyuma ya sikio. Hakulia kwa hilo. Alimlilia mama yake, kwa nguvu, jinsi ambavyo hakulia siku ya kumzika. Nywele tukazitupa mtoni, pale tulipotupa za ndugu zake.

Halafu kungoja. Kila asubuhi nilipitisha kiganja kichwani mwake. Laini. Kesho yake laini. Vidonda vikakauka, bado laini. Yeye alikwenda sokoni kichwa wazi, wateja walikuja. Mimi nilibaki nyumbani nikihesabu miezi ile mitatu.

Wiki ya tano, kitu kikanichoma kiganja. Nikarudisha mkono. Kikachoma tena. Nikamvuta mlangoni kwenye mwanga. Nywele zimeota, pande zote. Na juu ya masikio, nyeupe, nyingi.

"Papa, unalia?"

"Tulia, nione vizuri."

Akaangalia kichwa changu, nywele ndefu ambazo hakuna aliyezigusa tangu msiba. Akachukua wembe.

"Kaa na wewe. Leo Jumamosi."

"Acha," nikamwambia. "Watu waone mvi yako imetoka wapi."