Upana wa Vesta ni Mpanda Mpaka Dodoma

Mimi kushangaa nilishaacha zamani. Mtu aliyeingia shimo la dhahabu na ndala za kuazima, akatoka na karasha mbili za kusagia mawe na nyumba ya bati la rangi pale Misunkumilo, Mpanda, atashangazwa na nini tena? Darasa la nne nililikimbia, lakini niwekee jiwe mkononi, nitakwambia limetoka wapi. Ndivyo nilivyokuwa nikijitapa mtaa wa Kashaulili mzima, na ndivyo nilivyojitafutia safari hii.

Mama mkwe wangu anaishi Sitalike. Ni Msukuma, mfugaji, mjane, na mkwe wa kiume humheshimu kwa mbali: huli naye, humtazami usoni. Msimu mmoja wa mpunga alisema jiwe limeanguka kutoka angani mchana kweupe, kwa mngurumo, likachimba kwenye jaruba lake. Kijiji kikamcheka. Wakambandika jina, Mama Kimondo, mpaka akaacha kwenda gulioni. Mwisho akampa mke wangu lile jiwe aniletee. "Mpe Baba Kulwa, yeye anajua mawe. Aseme ukweli."

Nikaliwekea sumaku, halikushika. Nikacheka, maana nilijua jiwe la angani lazima liwe chuma. Kisha nikafanya tunachofanya sisi watu wa machimbo kwa jiwe tusilolijua: nikalipasua, nusu nikaitupa kwenye karasha, unga wake nikauosha kwenye karai. Dhahabu hakuna, hata punje. Nikamwaga, nikatangaza kuwa ni jiwe la mtoni tu.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Umesaga neno la mama yangu." Akawachukua mapacha wetu, akaenda kwao Sitalike. Kesho yake akapiga simu: harudi mpaka jiwe lile lielezwe na msomi, na siyo na mdomo wangu.

Jumatatu asubuhi, stesheni ya Mpanda. Nusu iliyobaki niliifunga kwenye taulo jipya, nikaipakata. Jirani yangu kwenye behewa alikuwa mfanyabiashara wa asali, Mzee Hamisi, mtu wa maneno.

"Bosi, umebeba keki?"

"Jiwe. Nalipeleka Dodoma."

"Dodoma?" Akageukia abiria wengine. "Jamani, huyu anapeleka jiwe Dodoma! Kule mawe yameisha lini?"

Behewa zima likaangua kicheko mpaka tunavuka mto Ugalla. Nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Kuanzia Kaliua nchi ilikuwa miombo mitupu, na kila kituo madumu ya asali yanapandishwa dirishani. Tabora tulibadilisha treni. Saranda nilikula kuku mzima peke yangu, kwa sababu uwezo ninao.

Dodoma nilielekezwa kwa mtaalamu wa miamba, Dokta Neema, binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alilifungua taulo taratibu, akatazama lile ganda jeusi linalong'aa na kijivu cha ndani. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Shikamoo, mzee. Nusu nyingine iko wapi?"

"Marahaba. Nimeisaga."

"Umeisaga na nini?"

"Karasha. Kubwa, mpya, ya kwangu mwenyewe."

Akakaa chini. Kisha akacheka mpaka machozi, nami nikajikuta nacheka, ingawa sikujua tunacheka nini. Akaniambia nirudi baada ya wiki.

Siku niliyorudi alikuwa amekata kipande chembamba kuliko karatasi, amekibandika kwenye kioo. "Chungulia." Nikaweka jicho kwenye hadubini. Jamani! Lile jiwe la kijivu lilikuwa na rangi ya chungwa, bluu na zambarau kama duka la vitenge, na katikati vijiti vyenye milia myeupe na myeusi kama pundamilia wa mbugani kwetu.

"Punje zenye rangi ni madini ya piroksini, zenye milia ni feldispa," alisema. "Hii ni lava iliyoganda. Kila dalili inaonyesha imetoka Vesta, asteroidi kubwa, yaani mwamba unaozunguka jua kama dunia inavyozunguka. Chombo cha anga kilitumwa kikauzunguka, na madini ya uso wake ni haya haya."

"Mbona sumaku haikushika?"

"Kwa sababu hii ni ngozi yake. Vesta ilipokuwa changa iliyeyuka. Chuma kikazama moyoni, lava ikapanda juu ikatandaa, ikapoa. Hapo ni miaka bilioni nne na nusu iliyopita. Baadaye mwamba mwingine ukaigonga upande wa kusini, ukachimba shimo karibu sawa na upana wake wote, vipande vikaruka. Katikati ya shimo ukabaki mlima, zaidi ya mara tatu ya Kilimanjaro."

"Na huo upana wake ni kiasi gani?"

Akafungua ramani, akaweka rula. "Umetoka Mpanda? Ukipiga mstari ulionyooka mpaka hapa Dodoma, ndiyo hiyo Vesta, upande mmoja mpaka wa pili."

Yaani nilikuwa nimekwisha kuivuka, kwa tiketi ya daraja la pili!

Kurudi, sikufunga mdomo. Saranda niliwaambia abiria tumeanza kuteremka kwenye shimo la Vesta. Tabora nikawaonyesha mlima ulipo, wakachungulia dirishani kweli. Mpanda tuliposhuka, mama mmoja aliniuliza kama ngozi ya asteroidi imeishia hapo stesheni au inafika mtaa wa Makanyagio.

Sitalike, siku iliyofuata. Nilisimama mbali, macho chini, nikamweleza mama mkwe kila kitu. Nikamaliza: "Ulisema kweli, mama. Mimi ndiye niliyekosa."

Akajibu, "Nimesikia. Sasa na walionicheka wasikie."

"Nitawakusanyaje?"

"Watu hukusanywa na nyama."

"Ng'ombe wako au wangu, mama?"

"Aliyesaga ni nani?"

Nikanunua dume. Kijiji kizima kilikuja, hata yule mzee jirani aliyembandika jina. Kabla nyama haijagawiwa nilisimama nikaichora Vesta na shimo lake chini kwa fimbo, nikatamka mbele ya wote kwamba mama huyu hakudanganya.

Mzee jirani akauliza, "Hilo shimo lote lilichimbwa bila leseni?"

Mama mkwe akacheka kwa sauti, sijawahi kumsikia hivyo. Nilikaribia kuinua macho. Mzee akamwendea, akasema, "Mama Kija, tusamehe," kwa jina lake halisi. Alhamisi mama mkwe alikwenda tena gulioni. Mke wangu na mapacha nilirudi nao Misunkumilo.

Nilichojifunza ni kimoja: jiwe ukilisaga kwanza, utapata jibu la swali ulilokuja nalo tu. Mimi nilikuja na dhahabu kichwani. Nusu iliyobaki iko kwa mama mkwe, juu ya kabati, na wageni wanaishika kwa mikono miwili. Nauli, gesti, dume, mchele na soda za watoto, jumla ilinigharimu shilingi milioni moja, laki sita na elfu arobaini na saba mia tano.