Kipaza na Wifi Yake

Kule stendi ya mabasi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kipaza. Kazi yake ilikuwa kutangaza basi lipi linaondoka, lipi limechelewa, na nani kasahau begi kwenye benchi. Hata spika zilipokufa, watu walimsikia mpaka mtaa wa pili. Nyumbani nako hakuzimika. Mumewe, fundi viatu, alizoea kuitikia "mmh" na kuendelea kula.

Basi koo likagoma. Daktari akamchungulia, akasema limeota vinundu. "Dada, wiki mbili usiseme neno. Hata kunong'ona, marufuku."

Baada ya siku chache tu, Kipaza akawa kama kuku anayetaka kutaga. Alifagia chumba alichokwisha kukifagia. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alimwona jirani akianika shuka mpaka pindo linaburuzika kwenye matope, maneno yakamjaa kinywani, akayameza kama dawa chungu. Na siku hiyo ndiyo wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa anakuja kula mchana.

Wifi huyo alikuwa ameacha nyama, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Kipaza siku zote alimwona ana maringo. Lakini mgeni ni mgeni. Akakaanga karanga, akazisugua viganjani maganda yatoke, akazipepeta mlangoni, kisha akazitwanga mpaka zikaanza kutoa mafuta. Kila pigo la mchi lilikuwa sentensi aliyonyimwa.

"Hodi, wifi."

Kipaza akagonga kifuniko cha sufuria: karibu. Wifi, aliyekwisha kuambiwa habari za koo, akaketi kwenye kigoda, akatazama vitunguu vikigeuka rangi. Zikaingia nyanya, tangawizi, viazi vitamu, pilipili moja nzima. Kipaza akaonja chumvi. Akaonja tena. Akahamisha kikombe kutoka rafu hii kwenda ile, akakirudisha.

"Leo nitasema mimi," wifi akaanza.

Kipaza akageuka.

"Mama hanijui tena. Jana kaniuliza mimi ni binti wa nani. Usiku anatoka nje kutafuta nyumba waliyohama hata sijazaliwa. Silali, wifi. Nimechoka."

Kipaza akafungua mdomo. Wifi akainua kiganja.

"Ngoja. Si mara ya kwanza kuja hapa kulisema hili. Kila nikianza, wewe umeshapakia abiria na basi limeondoka."

Neno hilo lilimchoma. Alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba kaka mtu naye ana miguu ya kwenda kumtazama mama yake, kwamba chumba kidogo cha nyuma, ambacho mama angeweza kulala, kimejaa ngozi na soli za fundi. Karanga alikuwa ameshazimimina sufuriani, naye amesimama tu, mwiko hewani.

"Koroga, wifi! Unashika!"

Akakoroga. Mchuzi wa karanga hautaki mtu mwenye mambo mengine. Ukiupa kisogo, unang'ang'ania chini. Akapunguza moto, akakoroga polepole, na wifi akaendelea: jinsi anavyofunga mlango kwa kamba, jinsi anavyomwogesha mama huku akitukanwa, jinsi juzi alivyomfokea, kisha akaenda kulia chooni. Mafuta yakaanza kuelea juu. Kipaza akatia mchicha, akaepua.

Akamshika wifi mkono, akampeleka kwenye kile chumba, akaanza kutupa mafurushi ya ngozi nje. Akaonyesha ukutani: kitanda cha mama hapa. Kisha akamwelekezea wifi kidole, akaweka viganja chini ya shavu: wewe nenda kalale.

Wifi akakaa juu ya gunia la soli, akafunika uso.

Fundi viatu aliporudi kula alikuta ukumbi umejaa ngozi. "Jamani, tunahama?"

Dada yake, kwa mazoea, akamtazama Kipaza. Kipaza akamsukuma bega: sema. Akasema. Fundi alisikiliza akiwa bado amesimama, mkoba begani.

"Mbona hukuniambia?" akauliza. Dada mtu akainuka kumsaidia Kipaza kupakua.

Wakala. Mchuzi ulikuwa mzito, viazi vimeiva vizuri, na kwa mbali ulinukia kuungua. Wifi aliongeza mara mbili. Fundi alikula kichwa chini. Kipaza hakutulia: matonge mawili, akainuka kupima upana wa mlango kwa mikono, akakaa, akainuka tena.

Jumamosi mama akaletwa. Wifi, walivyosikia, alilala mpaka jua la utosi. Lakini Kipaza usingizi ulimpaa. Siku za kurudi stendi zilikuwa zinakaribia, na nani angebaki na mama, bado hakujua. Alilala sikio likiwa mlangoni, na kila mbao ilipolia aliinuka kwenda kutazama komeo.